Msasa Unafuta Ushahidi

Kuna imani ambayo mafundi wetu wanarithishana kutoka Kisangani hadi Bunia, na wateja wanaishangilia: kwamba kitu cha mbao kikizeeka, dawa yake ni kukivua kibaki uchi. Kwangua vanishi yote, piga msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, paka vanishi mpya mara tatu, kiache kikauke king'ae. Kiti cha babu, sanduku la nguo za bibi, mlango, kitako cha gobori la mzee, vyote vinapitishwa njia hiyo hiyo. Kazi ikiisha, mwenye mali anatabasamu na kusema kimekuwa kipya, na fundi anaichukua kauli hiyo kama sifa. Mimi naichukua kama taarifa ya uharibifu, na nitaeleza kwa nini.

Nachagua kitako cha bunduki kwa makusudi. Hakuna kitu cha mbao kinachoharibika upesi kwa imani hii kama hicho, na hakuna mahali ambapo hasara yake ni kubwa kama Niania.

Niania ni njia panda. Barabara ya taifa namba 4 inatoka Kisangani, inapita hapo na kuendelea Epulu, Mambasa na Komanda. Upande wa kaskazini inachomoka njia ya Wamba na Isiro. Si mbali na hapo, ukingoni mwa mto Ituri, ipo Avakubi, kituo kilichokuwa na jina kubwa siku ambazo Niania haijatajwa na mtu. Mwaka 1887 Stanley alipenya msitu huu akiongoza kundi la mbele la watu wapatao 390, wengi wao Wazanzibari, akienda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Msafara wake wote ulikuwa na Remington zaidi ya 500. Septemba walifika kwa Ugarrowwa, Oktoba wakafika Ipoto, vituo vya Waungwana waliokuwa wakisaka pembe za ndovu. Pale Ipoto njaa iliwabana hata watu wakauza bunduki na risasi zao wapate mahindi. Mwaka huo huo Tippu Tip akafanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kisha ikaja vita ya 1892 hadi 1894 kati ya Waarabu na askari wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na bunduki za Albini za Force Publique, jeshi lake, zikachukua nafasi ya bunduki za Waungwana. Makapita waliosimamia mpira vijijini walipewa magobori ya fataki. Kiswahili tunachosema Niania kilikuja kwa njia hiyo hiyo, midomoni mwa watu hao hao, pamoja na baruti.

Kwa hiyo mzee wa huku anapotoa darini gobori la ukoo, lisilofyatua tena, mtutu umeshikwa na kutu, ameshika kitu ambacho hakina karatasi. Hakuna daftari linaloeleza lilitoka kwa nani, liliuzwa wapi, lilibebwa na nani. Maelezo yote yaliyobaki yako kwenye mbao. Kuna mahali palipolainika kwa shavu la mtu aliyelenga upande wa kushoto. Kuna shingo iliyopasuka ikafungwa kwa ngozi mbichi ya mnyama, ngozi ikakauka na kubana kuliko bamba la chuma. Kuna nambari iliyochomwa moto kwenye kitako, alama ya ghala la serikali au la kampuni. Kuna chale ndogo ndogo zilizochongwa kwa kisu, ambazo wajukuu wanagombana kama ni hesabu ya nyama au hesabu ya kitu kibaya zaidi. Msasa hauchagui kati ya hayo. Dakika kumi zinatosha kuyaondoa yote, na hakuna vanishi duniani inayoyarudisha.

Hapo mtetezi wa msasa ananijibu kwamba ninatukuza uchafu. Vanishi ile nyeusi iliyopasuka pasuka, anasema, si historia, ni vanishi mbovu. Nakubali nusu ya jibu lake. Vanishi nyingine kweli ni mbovu, na nyingine haikupaswa kuwepo tangu mwanzo. Lakini ili ujue ipi ni ipi lazima uangalie kabla ya kukwangua, na imani ninayoipinga haina hatua ya kuangalia. Inaanza na msasa.

Bunduki za kijeshi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20, Remington, Martini-Henry, Mauser, kwa kawaida zilikuwa na vitako vya mti wa jozi vilivyonyweshwa mafuta ya mbegu za kitani. Hazikupakwa vanishi ya kung'aa, kwani askari hataki kitu kinachomulika juani. Ukiona vanishi nene inayong'aa juu ya kitako cha namna hiyo, karibu hakika iliwekwa baadaye na mwenyeji fulani aliyetaka kukipamba. Hiyo inaweza kuondolewa bila huzuni. Magobori ya biashara yalikuwa jambo lingine. Viwanda vya Liège na Birmingham viliyatengeneza kwa maelfu yauzwe Afrika, kwa mbao za bei nafuu, na mara nyingi kitako kilipakwa rangi au vanishi pale pale kiwandani. Mengine yalikuja mekundu. Na yalikuja kwa wingi kwa sababu ya sheria: Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwazuia wafanyabiashara kuleta bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu zile za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu. Ukivua vanishi ya gobori la biashara, umeondoa kilekile kinachoonyesha lilitengenezwa kwa ajili ya nani. Mtu wa Ulaya hakununuliwa gobori jekundu.

Kuna jambo jingine kuhusu vanishi za zamani ambalo wasomaji wa pwani watalielewa kuliko sisi wa msituni. Vanishi bora za karne ya 19 zilizotumika kwenye magari ya farasi na samani za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa ardhini katika pwani ya Mrima na kusafirishwa kupitia Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliifuata huko kwa bidii, hata konsuli wa kwanza wa Marekani kufika Unguja, mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Baadaye Kongo ikawa muuzaji mkubwa wa sandarusi yake, iliyookotwa na kuchimbwa katika misitu ya bonde, mpaka viwanda vilipohamia kwenye utomvu wa kutengenezwa. Sandarusi hizo ziliyeyushwa kwa moto mkali, zikachanganywa na mafuta ya kitani, zikarudi kwetu zimepakwa juu ya vitu vya biashara. Simwambii mtu ahifadhi kila ukoko kwa sababu hiyo. Namwambia tu fundi asiuite uchafu kabla hajaujua.

Na kuujua hakuhitaji maabara. Fungua bamba la chuma la nyuma ya kitako, mahali pasipoonekana. Loweka pamba kwenye alkoli ya kuchomea, iguse mbao, subiri. Vanishi ikilainika na kunata, hiyo ni ya shelaki, utomvu wa mdudu wa India na Thailand, ambao unayeyuka kwa alkoli hata ukiwa na umri wa miaka mia. Isiposhtuka, jaribu asetoni: rangi za nitroselulosi, zilizoenea kuanzia miaka ya 1920, zitalegea. Isiposhtuka hata hapo, una vanishi ya mafuta au ya kisasa, na kazi itakuwa ngumu zaidi. Kwenye vanishi ya shelaki, fundi mwenye subira anaweza kuondoa tabaka la juu kwa kitambaa chenye alkoli, eneo dogo dogo, akigeuza kitambaa kila kinapochafuka, na akasimama rangi ya mbao iliyoiva inapoanza kujitokeza. Kusimama ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Mkono unataka kuendelea. (Wapo wanaojaribu lotoko, pombe kali ya kienyeji, badala ya alkoli ya dukani. Ina maji mengi. Shelaki inageuka nyeupe kama ukungu, na fundi anakimbilia msasa kuuondoa ukungu alioutengeneza mwenyewe.)

Wengine hukimbilia magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni. Yanakwangua kweli, na pia yanaifanya mbao iwe nyeusi, yanakula gundi, na yakibaki kwenye vinyweleo yatazozana na kila mafuta utakayopaka baadaye. Wengine wanaagiza dawa za kuvua rangi kutoka nje, zenye methileni kloridi. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa, ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliiondoa mikononi mwa wanunuzi wa kawaida miaka mingi iliyopita, na Marekani ikafanya hivyo mwaka 2019. Chupa zilizokataliwa kwingine zina tabia ya kujikuta sokoni kwetu.

Turudi kwenye msasa, maana watetezi wake wana hoja nyingine na nisingependa waseme nimeikwepa. Wanasema bila kupiga msasa vanishi mpya haishiki, na bila vanishi mpya unyevu utaila mbao. Msitu wa Ituri si Dodoma. Mvua hapa ni ya karibu mwaka mzima, na kitu kinavimba na kusinyaa kila siku. Sawa. Lakini tazama kitako kilichopigwa msasa. Fundi wa kiwandani aliiacha mbao isimame juu kidogo ya chuma, au iwe sawa nacho, ili kingo zisimeguke. Ukiondoa hata nusu milimita, chuma kinabaki kimechomoza pande zote, bamba la nyuma linaning'inia nje kama kofia ya mtu mwingine, na maji yanapata mahali pa kukaa ambapo awali hapakuwepo. Kisha fundi anapaka vanishi nene nje tu. Ndani, katika mfereji wa mtutu na chini ya bamba, mbao inabaki uchi, inakunywa unyevu upande mmoja na kuzuiwa upande mwingine. Hapo ndipo inapopinda. Mafuta ya kitani yaliyopakwa kidogo kidogo, yakafutwa na kuachwa yakauke, ndani na nje, hayazuii unyevu wote, lakini yanaweza kupakwa tena wakati wowote bila kukwangua chochote. Tahadhari moja tu: usirundike vitambaa vya mafuta ya kitani kwenye pembe ya karakana. Yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Vitandaze nje, au vizamishe majini.

Wapo pia wanaosema vanishi mpya inakinga mbao na wadudu. Hoja hiyo ni dhaifu zaidi. Vanishi si sumu, haimuui dumuzi aliye ndani. Inachofanya ni kuziba vinyweleo ambamo mdudu angetaga mayai. Basi ni nani anayemkaribisha, anayeacha ngozi ya zamani ilivyo au anayeivua na kuiacha mbao juani wiki nzima akisubiri mteja alete pesa ya vanishi?

Mibonyeo nayo isiwe kisingizio. Mbao iliyobonyea haijapotea, imeshindiliwa tu. Weka kitambaa kibichi, gusisha pasi ya moto, mvuke utaziinua nyuzi zake. Pasi ya makaa ya fundi cherehani yeyote wa Niania inaweza kazi hiyo. Lakini kabla ya kubonyeza pasi mahali popote, jiulize kama ubonyeo ule ni ajali ya jana au ni chale ya mwenye bunduki.

Kuna hoja nzito kuliko zote hizo, na mara nyingi husemwa na vijana, si na mafundi. Wanasema: bunduki hizi ni za pembe na mpira, za utumwa, za mikono iliyokatwa ili kutoa hesabu ya risasi. Kwa nini tuzihifadhi kabisa? Choma kitako, uza chuma kwa kilo. Sina dharau kwa mtu anayesema hivyo. Kama ni uchomaji wa wazi, wenye nia, wa watu waliokubaliana, nitasimama pembeni. Kinachonikera ni njia ya katikati, ambayo ndiyo inayotumika: gobori la kapita linapigwa msasa, linang'arishwa kama meza ya hoteli, linatundikwa ukutani juu ya televisheni. Damu imeondolewa, fahari imebaki. Anayetaka kuchukia kitu hicho, au kukililia, au kukifunza kwa watoto, amenyang'anywa kile ambacho angekionyesha kwa kidole.

Na tusijifariji kwa kumbukumbu iliyo salama mahali pengine. Herbert Lang na James Chapin walifika Avakubi na Medje katika safari yao ya 1909 hadi 1915, wakakusanya ndege, wanyama, vyombo na picha kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Wabelgiji walikusanya kwa ajili ya lile la Tervuren. Vitu hivyo vimelala kwenye droo, na watunzaji wake hawathubutu kuvigusa kwa msasa. Wanasafisha kwa pamba na kijiti, na wanaandika kila walichokiondoa. Watu wa kule wanaopewa mishahara kutunza vitu vyetu wanaviheshimu hivyo, nasi tunavichuna vilivyobaki kwetu kwa sifa ya kung'aa. Hata sokoni hasara inaonekana. Mnunuzi wa bunduki za kale anayejua huulizia kitako ambacho hakijaguswa. Kilichopigwa msasa hushuka bei papo hapo.

Sasa niseme neno ambalo mafundi hawatalipenda. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na kesi za jinai zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Niania iko kandokando ya Hifadhi ya Okapi, ambako bunduki mkononi mwa mtu asiye mlinzi ina maana moja. Katika hali hiyo, mtu anapoleta kitako peke yake, kimetolewa kwenye chuma chake, na kuomba kikwanguliwe kabisa kisibaki na alama, fundi anayeitikia bila kuuliza anafanya kazi ambayo huenda hajui ameajiriwa kuifanya. Nambari ya ghala iliyochomwa kwenye mbao ni njia mojawapo ya kujua silaha ilitoka wapi. Sisemi kila mteja ni mwovu. Nasema desturi ya kuvua kila kitu imempa mwovu mahali pazuri pa kujificha, kwa sababu ombi lake halitofautiani na ombi la mzee anayetaka kupamba sebule. Bunduki ya ukoo iende kwa fundi ikiwa na karatasi za serikali, au isiende.

Iende pia ikiwa tupu. Magobori yana tabia mbaya ya kukaa na baruti tumboni miaka mingi, na aliyeishindilia ameshakufa. Ingiza mdeki ndani ya mtutu mpaka ugote, weka alama, utoe, uulaze nje ya mtutu. Alama isipofika karibu na tundu la fataki, kuna kitu ndani, na kazi ya vanishi imekwisha kabla haijaanza. Mwite anayejua silaha. Usichokoe.

Wanaoishi kwa msasa wananiuliza watakula nini. Swali la haki. Kuvua kitako kizima ni kazi ya asubuhi moja, na mteja analipa kwa kuona mng'ao. Kupima, kulainisha eneo dogo dogo, kusimama kwa wakati, kunywesha mafuta kwa siku nyingi, ni kazi ndefu ambayo mwishoni inaonekana kama hukufanya kitu. Basi bei ihesabiwe kwa siku, na isemwe kabla, na mteja aonyeshwe kile kitakachobaki: nambari, chale, shingo iliyofungwa ngozi. Wengi wakionyeshwa hubadili ombi. Asiyebadili, anayetaka tu mbao inayong'aa, apewe mbao inayong'aa. Malori yanapita Niania yamejaa mvule na libuyu kuelekea Bunia na Uganda; achague ubao, fundi amchongee kiti kipya, akipake vanishi mara tatu au mara saba, wala sitasema neno.